Kutawa Uchagani

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtu asiyetoka nyumbani kwake, na kila neno lina hukumu yake ndani. Aliyefungwa amekosa, aliyejificha anaogopa, aliyelazwa anaugua. Lakini aliyetawa hakukosa, wala haogopi, wala haugui. Amekaa ndani kwa hiari au kwa desturi, na kukaa kwake huko humzidishia heshima. Ndiyo maana watu wa pwani walisema kwamba mwanamke wa nyumba ya heshima ametawa, na sista wa kanisa huitwa mtawa hata leo. Neno karantini lilikuja baadaye, katika mikoba ya mabaharia na madaktari. Asili yake ni siku 40 ambazo mji wa Venice uliwangojesha mabaharia kabla ya kuwaruhusu kushuka, katika zama za tauni. La ajabu ni kwamba pwani yetu nayo ilikuwa na hesabu iyo hiyo: mzazi hukaa ndani siku arobaini, na wafiwa nao huhesabu arobaini. Hata hivyo, hesabu moja haifanyi mambo mawili kuwa mamoja. Karantini imewekwa kwa ajili ya jirani aliye nje. Arobaini ya mzazi imewekwa kwa ajili ya huyo aliye ndani.

Tofauti hiyo yafaa kushikwa mkononi na mtu anayetaka kuisoma habari ya Moshi na miteremko ya Kilimanjaro katika mwaka 2020, mwaka ambao ulimwengu ulitakiwa kukaa nyumbani kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Watu wa mlimani hawakuwa wageni wa kukaa ndani. Walikuwa na mazoea marefu ya jambo hilo, tena ya namna zaidi ya moja.

Mazoea ya kwanza yalikuwa ya vita. Katika karne ya 19 mlima ulikuwa umegawanyika katika nchi nyingi ndogo, kila moja na mangi wake, na uadui wa Mangi Rindi wa Moshi na Mangi Sina wa Kibosho ulijulikana mlima mzima. Juu ya hayo palikuwa na Wamasai waliopanda kutoka nyikani kutafuta ng'ombe. Basi watu walichimba mahandaki chini ya migomba yao, yenye milango myembamba ya mtu kupita kwa kutambaa, na ndani yake vyumba vya watu na vya mifugo, pamoja na matundu ya kupitisha hewa. Baadhi yake wageni huonyeshwa Marangu hata leo. Habari za mahandaki hayo aghalabu husimuliwa kwa majivuno ya ushujaa, na si haba. Lakini mtu akiinama akaingia humo hupata fikira nyingine. Giza ni zito, na yamkini waliokuwamo walisikia zaidi pumzi za ng'ombe na sauti ya mama anayemnyamazisha mtoto. Hapo hapakuwa na namna ya kuuchangamsha moyo. Palikuwa na kungoja tu, na hakuna aliyejua kungoja huko kungekwisha lini.

Mazoea ya pili yalikuwa ya amani, nayo ni ya kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Katika desturi ya Wachaga mwanamke aliyejifungua alikaa ndani miezi 3. Watu walioandika juu ya maisha ya mlimani katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, kama Bruno Gutmann na O. F. Raum, waliona kwamba mambo ya uzazi yanastahili kurasa nyingi, wala hawakukosea. Mzazi hakulima, hakukata majani ya ng'ombe, hakuchota maji. Mama mkwe au jamaa mwingine wa kike alimhudumia. Alipewa mtori, yaani ndizi na nyama zilizochemshwa hata zikalainika, kisha zikapondwa zikawa kama uji mzito. Alipewa mlaso, yaani damu iliyochanganywa na maziwa na mafuta. Alipewa maziwa mgando na samli. Heshima ya mume ilipimwa hapo. Mke akitoka amekonda, aibu ilikuwa ya mume na ya ukoo wake wote. Akitoka amenawiri, sifa ilikuwa yao vile vile.

Miezi hiyo ilipokwisha palikuwa na siku ya kutoka. Mzazi alinyolewa nywele, akapambwa kwa shanga, akashika fimbo kama ya wazee, akaenda sokoni kwa mwendo wa taratibu na mtoto wake. Inasimuliwa kwamba alipokelewa kwa nyimbo za namna ile walizoimbiwa mashujaa waliorudi vitani. Na kwa nini asiimbiwe? Katika nyakati zisizo na hospitali, mwanamke na mtoto waliovuka miezi 3 walikuwa wameshinda vita ambavyo wengi hawakuvishinda.

Ukiitazama desturi hii kwa makini utaona jinsi ilivyoulinda moyo wa mtu asitaabike kwa upweke. Mzazi alitengwa na kazi, lakini hakutengwa na watu: wanawake wenziwe waliingia na kutoka, wakaleta chakula na habari za mtaa. Kukaa kwake ndani kulikuwa na jina na heshima. Zaidi ya yote, alijua siku ya kutoka. Hata katika wiki zile za mvua ambazo moshi wa jiko hujaa nyumbani, aliweza kuhesabu. Haifai, hata hivyo, kuipamba desturi hii kupita kiasi. Mke wa mtu asiye na ng'ombe hakunywa maziwa kwa wingi, na yuko aliyerudi jembeni kabla ya wakati wake kwa kuwa hakuwa na wa kumsaidia. Lakini kanuni ilikuwapo, na mtu aliyeivunja alijua kwamba ameivunja. Siku hizi desturi imepungua, hasa mjini; walakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama mfanyakazi likizo ya siku 84, hesabu ambayo bibi wa Kibosho au wa Machame angeiona kuwa imepunjwa kidogo tu.

Mazoea ya tatu ni ya mahali penyewe. Nyumba ya Mchaga si kuta na paa peke yake. Nyumba ni kihamba. Juu kuna miti ya kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba mibuni, na chini kabisa magimbi na mboga. Ng'ombe hukaa zizini, akakatiwa majani na kuletewa. Maji hupita katika mifereji ambayo mababu waliichimba. Mpakani husimama masale, mmea ule ambao jani lake humfikia adui kama ombi la msamaha, na ambao ndani ya ua wake waliotangulia wamezikwa. Mtu wa namna hii akiambiwa akae nyumbani, ameambiwa akae katika shamba lenye kazi ya siku nzima. Na kazi ambayo tija yake huonekana jioni ni dawa kubwa ya moyo uliozuiliwa.

Kati ya zama za mahandaki na mwaka 2020 mlima ulionja maradhi mengi ya kuambukiza, na moja halina budi kutajwa. Mwishoni mwa mwaka 1918, vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokuwa vikimalizika, homa ya mafua iliyokuwa ikiizunguka dunia iliingia Afrika Mashariki kwa meli, ikaenda bara kwa reli na kwa miguu ya wapagazi na askari waliorejea makwao. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi tangu mwaka 1911, na wakati wa vita Waingereza waliiunganisha na ile ya Voi kwa njia ya Taveta. Mlima haukuwa tena mahali pa mbali. Homa ile, popote ilipopita duniani, iliua sana vijana wenye nguvu. Korona iligeuza mambo: iliwaacha vijana wengi bila madhara makubwa, ikawaangukia wazee. Katika nchi ambayo wazee hukaa kihambani na watoto wao hukaa mijini, tofauti hiyo si ndogo.

Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania amepatikana Arusha, naye alikuwa ameshukia siku moja kabla katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, ulio baina ya Arusha na Moshi. Siku iliyofuata shule zilifungwa, na tarehe 18 vyuo navyo. Baada ya hapo nchi hii ilishika njia yake peke yake. Rwanda iliwafungia watu wake ndani mwezi huo huo, Uganda ikafuata, Kenya ikaweka amri ya kutotoka usiku. Tanzania haikufanya hivyo. Masoko yaliendelea, na Rais John Magufuli alitaka nyumba za ibada zibaki wazi. Penye milango ya maduka palitokea ndoo za maji na sabuni, nyuso zikavaa barakoa, na majumbani watu walijifunika mablanketi juu ya nyungu za majani wakajifukiza. Aliyekaa ndani alikaa kwa shauri lake mwenyewe. Kwa maana ya neno lile la kale, alitawa.

Lakini kutawa huhitaji akiba. Kule juu, katika vihamba vya Old Moshi na Kilema, masika yalikuwa yamefika, na nyumba yenye migomba haikukosa cha kuchemsha. Wagumu, kama waitwavyo wapagazi wa mlimani, walirudi kushika panga na jembe, kwa sababu ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa mwezi wa Aprili, wakwezi wakakoma, na kilele kikabaki na theluji yake bila mtazamaji. Walipoteza mshahara, lakini aliyekuwa na kihamba hakupoteza kazi. Hali ya Pasua, Majengo na Njoro, mitaa ya Moshi mjini, ilikuwa nyingine. Mtu aliyepanga chumba kimoja, naye hula alichouza siku iyo hiyo, hawezi kuambiwa akae nyumbani. Huko nyumbani ana nini? Wengi wanaosifu ustahimilivu wa watu wa Kilimanjaro husifu kihamba bila kujua, na hali aliyeko mjini bila kihamba huwaza peke yake kati ya kitanda na jiko la mkaa.

Kulikuwa na taabu nyingine, nayo iliwaingia wenye kihamba na wasio nacho. Njia zote ambazo mlima ulikuwa nazo za kumtoa mtu katika huzuni zilikuwa njia za kukusanyika. Mbege, pombe ya ndizi na ulezi, hunywewa kwa kata inayopokezwa mkono kwa mkono, na kumnyima mtu kata ni kumwambia kwamba si mwenzako. Kwaya husimama bega kwa bega. Msiba hujaza kihamba hata majani yakakanyagwa. Ugonjwa ulikuja kwa pumzi na mate, ukayashika mambo hayo hayo. Mzazi wa zamani alikuwa ndani, lakini watu walimjia. Mzee wa mwaka 2020, kama angelindwa sawasawa, ilipasa asijiwe na mtu.

Nao wanafunzi walikuwa wamerudishwa kwa wazee wale wale. Kijana wa chuo aliyepanda basi kutoka Dar es Salaam au Dodoma akashuka Himo, alikwenda kukaa kwa bibi yake, na yawezekana alibeba asichokijua. Faida ya kukaa pamoja ilikuwa dhahiri. Nyumba yenye bibi ilikuwa na mwalimu wa Kimachame, wa Kivunjo au wa Kirombo, lugha ambazo vijana wa mjini huzisikia bila kuzisema. Ilikuwa na mikono ya kukata majani. Ilikuwa na mtu wa kumsikiliza mwingine jioni umeme ukikatika. Hatari nayo ilikuwa ndani ya faida hiyo hiyo, na haikuwezekana kuzitenga kwa kuchora mstari uani. Mjukuu aliyekula kwa sahani yake, akakaa upande wa pili wa baraza na kumwamkia bibi kwa mbali, alimpenda. Lakini katika adabu za mlimani alionekana kama aliyeringa. Huo ndio uchungu ambao mahandaki hayakuwa nao. Mle gizani angalau watu waliruhusiwa kukumbatiana.

Tena hapakuwa na siku ya kutoka. Vyuo vilifunguliwa tarehe 1 Juni 2020 na shule nyingine tarehe 29 ya mwezi huo, lakini hizo zilikuwa siku za wanafunzi. Kwa wazee hesabu ilipotea. Tangu mwanzo wa Mei idadi ya wagonjwa haikutangazwa tena. Ilisimama katika watu 509 na vifo 21. Mwezi wa Juni Rais alisema kwamba nchi imeokolewa na ugonjwa huo. Mwisho wa mwaka barabara ya Segera ikajaa magari ya Wachaga wanaokwenda nyumbani kwa sikukuu, kama kila Desemba, na mapema mwaka 2021 ugonjwa ukaonekana umerudi kwa nguvu. Aliyetoka alikuwa ametoka mapema; aliyebaki ndani hakujua anangoja nini. Chanjo zilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 28 Julai 2021, na hapo hesabu za wagonjwa zilikuwa zimeanza kutolewa tena.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa hali ya dharura tarehe 5 Mei 2023, siku ya Ijumaa. Ilikuwa masika tena. Wazee wa mlimani waliovuka miaka ile 3 walikwisha kutoka zamani, kila mmoja kwa siku yake, bila kunyolewa, bila shanga wala fimbo, na hakuna aliyewaimbia njiani kwenda sokoni.