"Sheria haibagui": tuangalie masomo ya wanajeshi wa zamani Marekani

Mjadala wa usawa ukifika kwa jeshi, lazima mtu aseme: "Sheria haibagui, ni wanawake tu hawachangamkii nafasi." Wadau, nipeni dakika tatu. Nasoma sayansi ya siasa na hii hoja hunikera, kwa sababu Marekani walishapitia hapo.

Juni 1944 Roosevelt alitia saini sheria inayoitwa GI Bill. Kama ulitumikia jeshi vitani, serikali inakulipia karo na kukupa pesa ya kuishi kila mwezi. Haikuandikwa "wanaume pekee". Wanawake karibu 350,000 walivaa sare katika vita hivyo.

Lakini kuna walioachwa nje. Marubani wanawake wa WASP, zaidi ya 1,000, walirusha ndege za kijeshi na 38 wakafa kazini. Waliandikwa kama raia, kwa hivyo karo hakuna. Walitambuliwa kama wanajeshi wa zamani 1977. Aliyekuwa na miaka 22 vitani sasa ana zaidi ya 50. Aende chuo saa hiyo kutafuta nini?

Sasa kesi ninayoipenda. Sharron Frontiero alikuwa luteni wa Jeshi la Anga huko Alabama. Mwanajeshi mwanamume akioa, mkewe alihesabiwa tegemezi bila maswali, na marupurupu ya nyumba na matibabu yanafuata. Mwanamke yeye alitakiwa kuthibitisha kwamba mumewe anamtegemea kwa zaidi ya nusu ya mahitaji yake. Mume, Joseph, alikuwa mwanajeshi wa zamani aliyerudi chuo. Matumizi yake kwa mwezi: dola 354. Malipo yake ya mwanajeshi wa zamani: dola 205. Piga hesabu. Nusu ya 354 ni 177, ameshapita. Basi si tegemezi, na Sharron akanyimwa! Yaani pesa iliyomweka mume chuoni ndiyo iliyomfungia mke mlango. Mahakama ya Juu ilimpa haki 1973, majaji 8 kwa 1.

"Hiyo ni zamani." Haya, njoo leo. Sheria mpya ilianza kutumika 2009, na karo ni ileile kwa wote. Ila tazama pesa ya nyumba: ukisoma masomo yote mtandaoni, unapata nusu ya wastani wa kitaifa. Ukihudhuria hata somo moja darasani, unalipwa kwa kiwango cha eneo la chuo. Na ya kumlipa mtu akushikie mtoto ukiwa darasani haimo.

Najua mtaniuliza: na baba anayelea peke yake? Anaumia vilevile. Kanuni haimuulizi mtu jinsia, inauliza tu kama unaweza kutoka nyumbani. Ndiyo maana ukisoma kifungu peke yake huoni kitu.