Labrador Alitoka Mashuani

Labrador anayenusa dawa za kulevya bandarini au kumwongoza asiyeona barabarani ana cheti cha ukoo kinachoanzia Uingereza. Klabu ya mbwa ya nchi hiyo, Kennel Club, ilimtambua rasmi mwaka 1903, na habari zake zikazoeleka kusimuliwa kama kazi ya makabaila: akina Earl wa Malmesbury kusini mwa Uingereza na akina Duke wa Buccleuch kule Scotland, waliomtunza katika mashamba yao kwa ajili ya kuokota ndege waliopigwa risasi. Nasema masimulizi hayo yanaanzia katikati. Yale yanayomfanya mbwa huyu apendwe, yaani kupenda maji, kuleta kitu mkononi bila kukiponda, na utiifu usiochoka, yalikuwa yamekwisha kujengeka kabla kabaila yeyote hajamtia machoni. Waliomjenga ni wavuvi maskini wa kisiwa cha Newfoundland, ng'ambo ya Atlantiki, katika nchi ambayo leo ni Kanada.

Wenyeji wa asili wa kisiwa hicho, Wabeothuk, hawajulikani kuwa walifuga mbwa. Mbwa walifika na mashua za Ulaya baada ya safari ya John Cabot ya mwaka 1497, pale Waingereza, Wareno, Wabaski na Wafaransa walipoanza kumiminika kuvua chewa wa maji baridi, ambaye alitiwa chumvi na kuanikwa awe ng'onda wa kuuzwa mbali. Mbwa hao walizaliana wao kwa wao kwa vizazi vingi, na kilichoamua nani abaki ni kazi. Chewa alivuliwa kwa mshipi, na mara nyingi alichomoka kwenye ndoana alipofika juu ya maji. Hapo mbwa aliruka na kumdaka. Aliogelea pia na kamba mdomoni kutoka mashuani hadi ufukweni, na msimu wa baridi ukiingia alivutishwa kuni. Mvuvi mwenye kipato cha msimu hakuwa na chakula cha kumlisha mbwa asiyefaa kitu. Huo ndio uliokuwa uteuzi wao, na ulikuwa mkali kuliko mashindano yoyote ya maonyesho.

Shahidi mzuri ni J. B. Jukes, mwanajiolojia aliyepima miamba ya kisiwa hicho mwaka 1839 na 1840, kisha akachapisha kitabu cha safari zake mwaka 1842. Anaeleza mbwa mweusi, mwembamba, mwenye nywele fupi laini na mkia mrefu, tofauti kabisa na yule mkubwa wa manyoya marefu ambaye Waingereza walimwita Newfoundland. Anasema aina hii ndiyo iliyojaa kisiwani, haikuwa na sura ya kuvutia, lakini iliwazidi wengine kwa akili na kwa manufaa. Mbwa huyo alikaa juu ya jiwe chini ya kichanja cha kuanikia samaki, macho yakiwa majini. Kipande cha chewa kilipotupwa, samaki wenye vichwa vikubwa na miiba walikikimbilia. Mmoja wao alipogeuza ubavu tu, mbwa alizama na mara chache alirudi mtupu. Kila aliyemkamata alimpeleka mahali pale pale na kumlaza pamoja na wenzake, bila kumla. Labrador anayerudisha bata mzima kwa mwenye bunduki anafanya kazi ile ile.

Mwili nao unatoa ushahidi. Koti lake fupi la tabaka mbili, lenye mafuta, linakung'uta maji na halishiki barafu kama manyoya marefu. Vidole vina utando. Mkia mnene kama wa fisi maji humsaidia kujiongoza akiogelea. Hivyo ni vifaa vya bahari ya baridi, havikubuniwa kwa ajili ya shamba la ndege. Mwaka 2016 watafiti wa Cambridge walionyesha kwamba takriban Labrador mmoja kati ya wanne ana pengo katika jeni iitwayo POMC, linaloongeza hamu ya kula na uzito. Walilikuta pia kwa mbwa aitwaye flat-coated retriever, na hao wawili wana asili moja kwa mbwa wa Newfoundland. Sioni ajabu kudhani kwamba mbwa wa kuzama katika maji ya baridi kali alinufaika kwa ulafi ambao leo unamnenepesha sebuleni.

Atakayenipinga atasema wavuvi hawakuandika kumbukumbu, na kwamba mbwa bila ukoo ulioandikwa ni chotara tu. Kwa hoja yake, uzao hasa ulianza kwa wale walioweka daftari. Lakini Peter Hawker, mwindaji Mwingereza ambaye kitabu chake cha uwindaji kilianza kuchapishwa mwaka 1814, alikwisha kumtofautisha mbwa wa St. John's, yaani huyu wa wavuvi mwenye nywele fupi, na yule mkubwa wa manyoya marefu, akamtaja kuwa bora kwa uwindaji wa kila namna. Mtu hawezi kusifia aina ambayo haijawa aina. Meli za ng'onda zilizotia nanga bandari ya Poole zilileta mbwa aliyekwisha kufuzu; Earl wa pili wa Malmesbury, aliyeishi jirani na bandari hiyo, aliletewa wake kwa njia hiyo.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bila makabaila, mbwa huyu angetoweka. Ni kweli, kwa kuwa kisiwani alitoweka. Mbwa ambao Earl wa tatu alimpa Duke wa sita wa Buccleuch katika miaka ya 1880 ndio waliobeba ukoo hadi leo, na sifa hiyo ni haki ya makabaila hao. Ila tuulize kwa nini palihitajika wokovu. Mwaka 1780 gavana Richard Edwards aliagiza kila kaya ifuge mbwa mmoja tu. Mwaka 1885 ikaja sheria ya kulinda kondoo, iliyoziruhusu wilaya kutoza leseni za mbwa au kuwapiga marufuku kabisa. Muda si mrefu karantini ya Uingereza dhidi ya kichaa cha mbwa ikafunga njia ya Poole. Mvuvi hakumwacha mbwa wake kwa kutomthamini. Mbwa aliondolewa kwa amri za watu waliotaka kisiwa kiwe cha malisho. Wa mwisho wanaojulikana, waliopigwa picha kijiji cha Grand Bruit kuelekea miaka ya 1980, walikuwa wawili, wote wazee na wote madume.