Taimingi ya Kamshafti katika Injini za Flathedi

Katika injini za zamani zinazoitwa flathedi, vali hazikai juu ya pistoni. Zimo ubavuni mwa silinda, ndani ya bloku, na hedi ni kifuniko tu kilichokazwa kwa boliti. Kamshafti hulala chini ya vali hizo na kuzisukuma kwa tapeti. Huzunguka mara moja kila krankshafti inapozunguka mara mbili, ndiyo maana gia yake ina meno maradufu. Gia hizo zikikosana kwa jino moja tu, vali zote hufunguka kabla au baada ya wakati wake. Flathedi ina nafuu moja kubwa: vali hazikutani na pistoni, hivyo kosa la taimingi huiondolea injini nguvu au kuizima, lakini haliivunji.

Gari lililosambaza ujuzi huu kuliko mengine ni Ford Model T, lililotengenezwa Marekani kuanzia 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15. Gia zake zilipigwa alama kiwandani, na fundi alizikutanisha alama hizo alipofunga injini. Aliyetaka uhakika zaidi alifungua hedi, akateremsha rula ndani ya silinda na kupima pistoni imefika wapi. Maelekezo ya Ford yalitoa vipimo vyote kwa inchi. Vali ya kuingiza ilitakiwa kufunguka pistoni ikiwa imeshuka 1/16 ya inchi kutoka kileleni, na kufunga ikiwa imepita chini kabisa na kupanda tena 9/16. Vali ya kutolea moshi ilifunguka pistoni ikiwa imebakiza 5/16 ya inchi kufika chini, nayo ilifunga pistoni ikiwa kileleni hasa, mahali ambapo huchomoza 5/16 juu ya uso wa bloku. Utaratibu huu ulimfaa fundi wa kijijini asiye na chombo kingine, na unastahili kusifiwa.

Kasoro ya rula iko karibu na kilele. Pale pistoni husogea kidogo sana: katika Model T, ile 1/16 ya inchi ni sawa na kuzungusha krankshafti takriban digrii 12. Rula ikisomwa vibaya kwa unene wa ukucha, hesabu huharibika kwa digrii kadhaa.

Gia zenyewe ziliguswa mara chache. Marekebisho ya kawaida yalikuwa kwenye nafasi kati ya tapeti na mguu wa vali, iliyotakiwa isipungue 1/64 ya inchi wala kuzidi 1/32. Nafasi ikiwa kubwa, vali huchelewa kufunguka na huwahi kufunga. Ikiwa ndogo, huwahi kufunguka na kuchelewa kufunga, na huenda isikae vizuri kwenye kiti chake ikaungua. Model T haikuwa na skrubu ya kurekebisha. Kila kiti cha vali kiliposagwa, vali ilizama na nafasi ikapungua, basi fundi alipunguza mguu wa vali kwa tupa, kidogo kidogo, akipima kila mara. Akizidisha, hakuna cha kurudisha. Baadaye watengenezaji wengine waliuza tapeti zenye skrubu, na wengi walizinunua.

Model A iliyofuata mwishoni mwa 1927 ilipewa gia ya kamshafti ya nyuzi zilizoshindiliwa ili kupunguza kelele. Meno yake yakikatika, injini huzimika papo hapo. Mwaka 1932 ikaja Ford V8 ya nguvu farasi 65, yenye vali 16 zilizofichwa kati ya safu mbili za silinda. Hadi 1948 distribyuta yake iliendeshwa na ncha ya mbele ya kamshafti, hivyo gia zilizolika zilichelewesha vali na cheche kwa pamoja.

Injini hiyo ya V8 ndiyo iliyowasukuma vijana wa California kutafuta vipimo vya uhakika zaidi. Ed Winfield wa Los Angeles alikuwa akisaga kamshafti za mashindano tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na Ed Iskenderian akaanza kazi hiyo baada ya vita. Kamshafti iliyosagwa upya haiwezi kuaminiwa kwa alama za gia peke yake. Kwa hiyo bamba la duara lenye digrii 360 hufungwa kwenye krankshafti. Pistoni huzuiwa kwa kizuizi karibu na kilele, krankshafti huzungushwa upande mmoja kisha mwingine, na katikati ya namba mbili zinazosomwa ndipo kilele cha kweli kilipo. Geji ya saa huwekwa juu ya tapeti ili kuonyesha digrii ambapo inaanza kunyanyuka na ambapo inarudi chini. Tofauti ikionekana, gia hugeuzwa kidogo kwenye kamshafti kwa kii maalumu au kwa matundu ya boliti yaliyorefushwa.

Ford iliacha kufunga V8 ya flathedi kwenye magari yake ya Marekani baada ya modeli za 1953. Kwa anayefufua injini hizo leo, bamba la digrii linafaa kuliko rula, na nafasi za tapeti zipimwe kwanza kabla ya kulaumu gia.