Nani Humuuguza Shujaa wa Uwanjani?

Kutoka mji wa Kaniama hadi Kananga, nchini Kongo, ni reli moja. Inatoka Lubumbashi, inapita Kamina na Kaniama, inaingia upande wa Kasai kwa Mwene-Ditu, na tangu 1928 inafika hadi bandari ya Ilebo. Kananga hiyo, wakati ikiitwa Luluabourg, ndiko alikozaliwa mchezaji wa soka Ndaye Mulamba mwaka 1948. Historia yake ya kuugua inaeleza mengi kuhusu namna Kongo inavyowapenda wanamichezo wake, na namna inavyowapoteza.

Machi 1974, nchini Misri, Ndaye alifunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika moja. Hadi leo hakuna aliyefikisha idadi hiyo. Fainali dhidi ya Zambia ilikwisha 2-2, ikarudiwa, Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikashinda 2-0, na mabao yote manne ya Zaire alifunga yeye. Rais Mobutu akawazawadia wachezaji nyumba na magari. Miezi mitatu baadaye, katika Kombe la Dunia, Ujerumani Magharibi, Ndaye alitolewa uwanjani katika mechi dhidi ya Yugoslavia kwa teke ambalo kwa kweli alilipiga mwenzake, Ilunga Mwepu. Waliondoka na aibu ya mabao 9 kwa sifuri, na mapenzi ya wakubwa yakaishia hapo.

Miaka 20 ikapita. Mwaka 1994 Ndaye alialikwa Tunisia kuenziwa wakati wa Kombe la Afrika. Aliporudi nyumbani, majambazi walimvamia na kumpiga risasi mguuni. Walidhani mchezaji mwenye jina kubwa hivyo lazima awe na fedha. Laiti wangejua ni kiasi gani cha sifa hizo kilikuwa kimegeuka kuwa fedha! Shirikisho la soka silo lililomuuguza. Alipata hifadhi nyumbani kwa mtu aitwaye Emmanuel Paye-Paye, akakaa huko miezi minane akitibu jeraha.

Miezi minane katika nyumba ya mtu si jambo dogo. Kongo, mgonjwa haendi hospitali peke yake. Ndugu wanampikia, wanatafuta dawa na glovu, usiku wanalala kwenye mkeka kando ya kitanda. Siku ya kuruhusiwa, deni lisipolipwa, mgonjwa anaweza kuzuiliwa wodini ingawa amepona. Hapo ndipo jirani, kanisa na jamaa wa mbali wanapochangishwa. Ni utaratibu imara kuliko wageni wanavyodhani, lakini una sharti moja: uwe karibu na watu wako.

Ndaye aliwapoteza watu wake. Mtoto wake wa kwanza aliuawa vitani, naye mwaka 1996 akakimbilia Afrika Kusini kama mkimbizi. Mwaka 1998 habari zikaenea kwamba amefariki katika ajali ya mgodini Angola. Katika Kombe la Afrika, Burkina Faso, uwanja mzima ukasimama kimya kumwombolezea. Yeye alikuwa hai Cape Town, hana kazi, anakunywa pombe. Nasema wazi kwamba ukimya ule ulikuwa rahisi mno. Wapenda mpira wa bara zima walijua kumlilia marehemu, lakini hawakuwa na njia yoyote ya kujua kama mtu huyu ana mguu unaouma na anahitaji daktari. Alifariki kweli Johannesburg, Januari 26, 2019, akiwa na miaka 70.

Dikembe Mutombo, mchezaji wa mpira wa kikapu, Mluba mwenye asili ya Kasai, aliyezaliwa Kinshasa mwaka 1966, alikutana na tatizo hilo hilo kutoka upande wa pili. Alikwenda Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, mwaka 1987 akitaka kuwa daktari; kocha John Thompson akamvuta kwenye mpira wa kikapu. Mwaka 1996, timu ya kikapu ya wanawake ya Zaire ilipokwenda Olimpiki ya Atlanta, yeye ndiye aliyelipia jezi na gharama zao. Mwaka uliofuata mama yake, Biamba Marie, alipata kiharusi nyumbani Kinshasa. Mji ulikuwa kwenye vurugu za vita, njia zimefungwa. Mama akafariki nyumbani, akiwa na miaka 64. Mwanawe alikuwa na mamilioni Marekani, na mamilioni yote hayo hayakuweza kuvuka mtaa mmoja uliofungwa.

Ndipo akaamua kujenga hospitali. Jiwe la msingi liliwekwa 2001, ujenzi ukaanza 2004 tu, kwa sababu wafadhili walikuwa wagumu. Kiwanja katika eneo la Masina nusura kichukuliwe na serikali, na wakimbizi waliokuwa wakilima hapo ilibidi walipwe ili waondoke. Hospitali ya Biamba Marie Mutombo ilizinduliwa Septemba 2006, ikafunguliwa 2007: vitanda 300, dola milioni 29, na zaidi ya nusu ya fedha hizo zilitoka mfukoni mwake.

Oktoba 2022 ilitangazwa kwamba Mutombo mwenyewe anatibiwa uvimbe kwenye ubongo huko Atlanta, na familia ikaomba faragha. Kwetu, kumtembelea mgonjwa ni wajibu, na ombi hilo linaweza kuonekana kama mlango uliofungwa. Mimi naona lilikuwa haki yake: hakuhitaji mchango wa mtu, alikuwa na mkewe Rose na watoto. Alifariki Septemba 30, 2024, akiwa na miaka 58.

Kazi yake iliyo karibu zaidi na Kaniama ni shule yenye jina la baba yake, Samuel, nje ya Mbuji-Mayi, iliyofunguliwa 2021. Hospitali ya mama iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,000 kwa mstari ulionyooka. Mzee wa Kaniama aliyecheza mpira ujanani, akipata kiharusi leo usiku, bado anawategemea wale wanaoweza kumbeba.