Vitabu vya Maelekezo ya Kazi na Manufaa Yake: Habari za Nachingwea na Ruangwa

Mengi yameandikwa juu ya tenzi, mashairi na hadithi za Kiswahili, lakini vitabu vidogo vya kazi havikupata heshima hiyo. Kitabu kinachomwelekeza mtu jinsi ya kupanda mkorosho, kuweka daftari la duka au kusimamisha nguzo za nyumba huhesabiwa kuwa si fasihi wala si elimu ya lugha, na kikisha kazi yake hutupwa. Hata hivyo vitabu vya namna hiyo ndivyo vilivyoipima lugha kwa kipimo kikali kuliko vyote. Kwa maana shairi lisipoeleweka msomaji hukosa raha tu, bali maelekezo yasipoeleweka shamba huharibika na nyumba huanguka.

Nchi ya Nachingwea na Ruangwa, katika mkoa wa Lindi, yafaa sana kuchunguzwa kwa habari hii. Wenyeji wake wengi ni Wamwera, nao wamechanganyika na Wamakua, Wayao na Wamakonde. Kiswahili kiliingia huko kwa njia za biashara kutoka Lindi na Kilwa, kisha kwa shule, serikali na misheni. Tena katika nchi hiyo yalitendeka mambo mawili makubwa yanayoonyesha wazi maelekezo yaliyoandikwa yana nguvu gani, na nguvu hiyo hukomea wapi: mpango wa karanga wa mwaka 1947 na ugonjwa wa mikorosho ulioenea baada ya mwaka 1979.

I. Vitabu vya mkononi

Vitabu vya kwanza vya maelekezo vilivyohusu watu wa pande hizo havikuandikwa kwa ajili yao. Edward Steere, aliyetoa kitabu chake cha mkononi cha Kiswahili mwaka 1870, ndiye aliyewaongoza watu waliokombolewa utumwani mpaka Masasi mwaka 1876. Alikwisha kuchapisha mikusanyo ya lugha ya Kiyao, na baadaye Chauncy Maples, aliyekaa Masasi, alitoa mkusanyo wa Kimakua mwaka 1879. Vyote hivyo vilikuwa vitabu vya kazi kwa maana kamili: vilitengenezwa vitiwe mfukoni, vifunguliwe njiani, na kumsaidia mgeni kuomba maji, kununua chakula na kufundisha dini. Kimwera kilingoja zaidi. Sarufi yake iliyoandikwa na Lyndon Harries ilitoka mwaka 1950.

Jambo la kuangalia hapa ni mwelekeo wa elimu. Mgeni alijifunza lugha ya mwenyeji kwa kitabu, naye mwenyeji akajifunza kazi ya mgeni kwa macho. Mtu wa Nachingwea aliyetaka useremala au uashi alifuatana na fundi, akambebea vyombo, akatazama mkono wake, akakosea na kukemewa, hata siku moja akaachiwa randa. Elimu ya namna hiyo ni imara, lakini yategemea fundi awepo, awe na moyo wa kufundisha, na asife kabla ya kumaliza.

II. Mpango wa karanga

Mwaka 1946 tume ya watu watatu iliyoongozwa na John Wakefield, aliyekuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ilitembea Afrika ya Mashariki na ya Kati kwa muda wa majuma tisa hivi, ikatoa taarifa yake. Taarifa hiyo ilishauri yafunguliwe mashamba 107, kila moja ekari 30,000. Themanini yawe Tanganyika, na katika hayo 55 yawe Jimbo la Kusini. Kwa hiyo sehemu kubwa kuliko zote ya mpango ilikusudiwa kuwa upande wa Nachingwea. Reli ilijengwa kutoka pwani, bandari ya Mtwara ikachimbuliwa, na mji ukatokea porini.

Taarifa ile, ikitazamwa vizuri, ilikuwa nayo ni kitabu cha maelekezo: ilieleza ekari, mashine, watu, gharama na mavuno. Upungufu wake haukuwa katika hesabu, bali katika mambo yaliyohesabiwa. Iliandikwa kabla ya udongo kujaribiwa kwa miaka ya kutosha, na kabla ya mvua za mahali kupimwa ipasavyo. Mizizi ya miti ilivunja majembe ya matrekta, na mengine ya matrekta hayo yalikuwa yametokana na vifaru vya vita. Huko Kongwa udongo wa mfinyanzi uligeuka kuwa kama sakafu jua lilipowaka. Mwezi wa Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekoma, baada ya kutumia pauni milioni 36 hivi. Mashamba ya Nachingwea yakaendelea kwa kiasi kidogo, kwa majaribio na kwa wakulima wapangaji, chini ya shirika la kilimo la Tanganyika lililoundwa baadaye. Reli ilifungwa mapema katika miaka ya 1960.

Wakati huohuo wakulima wa vijiji vya jirani walikuwa wakipanda karanga, mtama na mihogo kwa jembe la mkono. Walijua udongo upi washika maji na upi wapasuka, na walikuwa na majina ya kila aina ya udongo huo. Elimu hiyo haikuwa imeandikwa popote, na kwa sababu haikuandikwa haikuingia katika hesabu za watu wa mpango. Basi hasara ya kukosa kitabu haikumwangukia asiyejua kusoma peke yake. Ilimwangukia pia msomi, maana hakuwa na mahali pa kusoma yale ambayo mkulima alikuwa akiyajua.

Hata hivyo mpango ule uliacha kitu katika lugha. Vijana waliofanya kazi kwenye karakana na mashamba walirudi makwao na maneno ya injini, breki, gia, spana na grisi, na trekta likaitwa tingatinga kwa mlio wake. Wasimamizi wengi walikuwa wametoka jeshini, na Kiswahili walichotumia kilikuwa Kiswahili cha amri: fanya hivi, usifanye vile. Amri humtosha mtu aliye mbele ya msimamizi. Msimamizi akiondoka, yatakiwa maelezo yenye sababu, na hayo ndiyo kazi ya kitabu.

III. Vitabu kwa lugha ya msomaji

Idara ya Vitabu ya Afrika ya Mashariki, iliyoanzishwa mwaka 1948 na makao yake yakawa Nairobi, ilikusudia kuziba pengo hilo. Ilitoa vitabu vyepesi vya kilimo, afya, ufundi na biashara, na ilipeleka vitabu vya kuazimwa kwa masanduku na kwa posta, njia iliyofaa sana kwa miji iliyo mbali na maktaba. Baada ya uhuru kazi hiyo ilishikwa na wengine. Chuo cha Ushirika cha Moshi, kilichofunguliwa mwaka 1963, kilifuatwa na masomo ya posta kwa viongozi na wanachama wa vyama. Kwa mkulima wa ufuta au korosho, elimu ya kusoma mizani, stakabadhi na hesabu ya mwaka haikuwa anasa. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na katika vyama vya ushirika mali ilipotea hasa pale ambapo katibu peke yake ndiye aliyeweza kusoma daftari.

Mwaka 1970 Rais Nyerere alizitaja wilaya sita zitakazotangulia katika kufuta ujinga wa kusoma, na Masasi, jirani ya Nachingwea, ilikuwa mojawapo. Vitabu vya kisomo vya miaka hiyo havikuwa vya ba be bi bo bu tu. Kwa kufuata majaribio yaliyofanywa Mwanza tangu 1968, kila kitabu kilishika kazi fulani: pamba, ndizi, uvuvi, mifugo, mambo ya nyumbani. Mtu alijifunza herufi na kazi kwa pamoja. Hesabu za taifa zaonyesha kwamba wasiojua kusoma walipungua kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi asilimia 39 mwaka 1975.

Mwaka 1973 ulifuata mradi wa Mtu ni Afya, ulioandaliwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Watu karibu milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, kisha wakaondoka kwenda kuchimba choo au kufyeka majani. Hapo kitabu hakikuwekwa mahali pa fundi. Kilimpa fundi na jirani zake jambo moja la kuzungumza.

IV. Maneno ya mjenzi

Habari ya ujenzi ni tajiri zaidi kwa mwanafunzi wa lugha. Nyumba ya miti na udongo ina istilahi zake kamili: nguzo, mwamba, pau, kombamoyo, fito na kamba za kufungia; kisha kukandika na kusiriba. Seremala ana randa, patasi, tezo, keekee na jiriwa. Mwashi ana timazi na pimamaji. Mengi ya maneno hayo yamo katika kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, na mengine yalipokewa zamani kutoka kwa wageni, kama parafujo na roda zilizotoka katika Kireno.

Mwandishi wa kitabu cha ujenzi ana njia mbili. Aweza kuyachukua maneno haya kutoka vinywani mwa mafundi, au aweza kukaa ofisini na kuunda mapya. Njia ya pili huonekana ya kitaalamu, lakini mara nyingi humpoteza msomaji aliyekusudiwa. Fundi wa Ruangwa aijua kombamoyo. Akikuta neno jingine lililoundwa mjini kwa kitu hichohicho, atadhani ni kitu kigeni ambacho hana. Njia ya kwanza nayo ina taabu yake, kwa kuwa neno la pwani laweza kuwa na maana nyingine bara, au lisijulikane kabisa kwa Mmwera mwenye neno lake. Dawa ya taabu hiyo ni picha iliyochorwa vizuri na jina kuandikwa kando yake.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika Operesheni ya Vijiji. Katika miaka ya 1970 watu wengi wa kusini walihamishwa kutoka mashambani kwao wakakusanywa kandokando ya barabara, na nyumba mpya zikatakiwa kwa haraka. Kikundi cha Utafiti wa Ujenzi kilikuwa kimeanzishwa Dar es Salaam mwaka 1971 ili kutafuta njia za kujenga nyumba bora kwa vifaa vya nchini. Lakini maelekezo yaliyo mazuri hayamfai mtu asiyepewa nafasi ya kuyafuata. Aliyeamriwa kuhama kabla ya mvua hujenga kibanda, hata akiwa na kitabu cha nyumba mkononi.

Michezo na kazi za kujifurahisha, kama bao, ususi wa mikeka na kudarizi kofia, hazikuhitaji kitabu kwa kiasi hicho. Hufundishwa barazani, polepole, na asiyejua hupata hasara ya kushindwa tu. Faida ya kuziandika ni ya kuhifadhi, si ya kuelekeza.

V. Ubwiriunga

Kuhama kule kulileta hasara nyingine. Mikorosho iliachwa mbali na wenyewe, na pori likaisonga. Tanzania ilikuwa imepata tani 145,000 hivi za korosho katika msimu wa 1973/74. Msimu wa 1986/87 zilipatikana tani 16,500 hivi tu. Bei ndogo na usimamizi mbaya vilichangia, na tangu mwaka 1979 ulitambuliwa ugonjwa wa ukungu unaofunika maua na majani machanga.

Ugonjwa huo ukaitwa ubwiriunga. Jina hilo ni somo kwa kila mwandishi wa vitabu vya kazi. Ubwiri ni neno la zamani la maradhi ya mimea, na unga kila mtu aujua. Mkulima akilisikia jina amekwisha kujua atafute nini juu ya maua: kitu kama unga mweupe. Jina lilifanya nusu ya kazi ya kitabu kabla kitabu hakijafunguliwa. Nusu iliyobaki ilifanywa na watafiti wa Naliendele, karibu na Mtwara, na mabwana shamba waliopeleka vijijini maelekezo mafupi: punguza matawi, safisha chini ya mti, panda kwa nafasi ya mita 12, puliza salfa maua yanapoanza kutokeza, tena asubuhi na mapema upepo ukiwa umetulia. Kila agizo lilikuwa limejaribiwa katika udongo wa kusini, na kila moja lilikuwa na sababu ambayo mkulima aliweza kuiona kwa macho yake. Mavuno yaliinuka polepole, na msimu wa 2017/18 yalipita tani 300,000.

Mambo haya mawili, karanga na korosho, yalitendeka katika nchi moja. La kwanza lilikuwa na fedha nyingi, mashine nyingi na taarifa iliyoandikwa kwa ufasaha; la pili lilikuwa na unga wa salfa, karatasi chache na jina zuri. Tofauti yao haikuwa katika wingi wa elimu. Maelekezo ya kwanza yaliandikwa mbali na shamba, kwa lugha ambayo mkulima hakuisoma, na hayakumwuliza neno. Maelekezo ya pili yalitoka shambani yakarudi shambani.

Kwa hiyo kitabu cha kazi chastahili kuhifadhiwa na kuchunguzwa pamoja na tenzi na hadithi. Ndani yake yamo maneno ambayo kamusi huyakosa, na zimo alama za mikono iliyoyatumia: doa la udongo, kona iliyokunjwa, hesabu ya gunia iliyoandikwa pembeni kwa kalamu ya risasi. Mafundi na wakulima wazee wa Nachingwea na Ruangwa wangali na istilahi ambazo hazijaandikwa. Kila mmoja wao afapo, kitabu kimoja hufungwa kabla hakijachapwa.