Mwanamke wa Makamo na Pombe katika Uganda: Kutoka Mirija hadi Mtambo

Panapozungumzwa ulevi nchini Uganda, mlevi anayetajwa aghalabu ni mwanamume. Mwanamke wa makamo hutajwa kama muuzaji tu. Sisi twaona kwamba historia hairuhusu kumpita hivyo, kwani katika jamii zetu nyingi yeye ndiye mwanamke aliyepewa ruhusa ya kunywa wakati wenziwe wadogo walipokatazwa.

Tuchukue mfano wa Teso, ambako pombe ya wimbi huitwa ajon. Kuitengeneza ilikuwa, na bado ni, kazi ya wanawake. (Katika Buganda mambo yalikuwa kinyume: kukamua ndizi za mwenge ilikuwa kazi ya wanaume.) Unga wa wimbi huchachishwa, hukaangwa, kisha huchanganywa na kimea na maji na kuachwa siku kadhaa. Wanywaji huketi kuuzunguka mtungi mmoja, maji ya moto yakaongezwa, na kila mtu akavuta kwa mrija wake mrefu. Kileo chake ni kidogo, yapata asilimia 4 au 5. Tena wimbi hilo hilo ndilo chakula cha nyumbani, hata ghala ilipopungua mtungi nao ulipumzika. Kwa hiyo kulikuwa na mipaka miwili, msimu na umri. Mwanamke anayezaa alizuiliwa. Aliyekwisha kulea wanawe aliweza kuketi pamoja na wazee, wala hapana aliyemwona mhuni.

Mpaka wa msimu ulivunjwa na mtambo wa kukeneka. Mwaka 1891 Lugard aliwaleta Uganda askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki baada ya Emin Pasha kuondoka, pamoja na wake na watoto wao. Wajukuu wao ndio Wanubi wa Bombo na kwingineko, na ujuzi wa kukeneka huhusishwa sana nao, hasa na wanawake wao. Neno waragi wako wanaolieleza kuwa ni Kiingereza, yaani jini ya vita. Sisi twaona asili ya Kiarabu iko karibu zaidi, araki, ambayo shina lake ni jasho, kwa jinsi kinywaji kinavyodondoka tone kwa tone.

Wakoloni, kwa Mkataba wa Saint-Germain wa mwaka 1919, walipiga marufuku ukenekaji katika sehemu kubwa ya Afrika. Baada ya uhuru, sheria ya enguli ya mwaka 1965 ilitaka mpikaji awe na leseni na auze kwa kiwanda, ambacho kiliisafisha upya na kuitia katika chupa za Uganda Waragi. Wapikaji wadogo wengi waliendelea vichakani bila leseni. Miaka ya magendo ilipofika, baada ya 1972, mshahara ukawa hautoshi hata sabuni, na pipa la waragi likawa karo ya shule. Mjane au mke aliyeachwa hakuwa na shamba la kahawa. Alikuwa na ndizi, molasi, kuni na mikono yake.

Hapo ndipo tunapoona hatari. Msimu uliondoka, lakini ruhusa ya umri ilibaki. Mwanamke yule yule aliyeruhusiwa kuvuta mrija sasa ana mbele yake kinywaji chenye kileo cha asilimia 40 hivi, kila siku, mwaka mzima. Na mwili wake haumsaidii. Mwanamke ana maji machache mwilini kuliko mwanamume wa uzito ule ule, na maji hayo huzidi kupungua kwa umri. Basi kipimo kile kile hukolea zaidi katika damu yake, na ini lake huharibika mapema. Mwaka 1988 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kuwa vileo husababisha saratani, na mwaka 2007 likaongeza saratani ya matiti katika orodha hiyo. Maradhi haya huzidi kwa wanawake kadiri wanavyokaribia na kupita ukomo wa hedhi, umri ambao mila iliuona kuwa salama kwa kunywa.

Methanoli hatutaisema sana, ingawa mwaka 2010 iliua makumi ya watu Kabale. Vifo vya namna hiyo huandikwa magazetini, na serikali huamka. Mwaka 2019 vipakiti vya plastiki vilipigwa marufuku. Lakini mpikaji wetu hakununua kipakiti kamwe. Yeye huchovya kidole, hupima kwa ulimi kama imekolea, humwonjesha mteja na kuonja naye, tangu alfajiri hadi mtambo upoe. Akiulizwa zahanati kama anakunywa, hujibu kuwa hanywi, huonja tu. Na mwuguzi, ambaye huenda ni rika la bintiye, huandika hivyo katika kadi.