Jiwe la volkano shingoni: mkufu gani utalibeba?

Munigi imejengwa juu ya mawe yaliyomwagwa na Nyiragongo. Volkano ililipuka tarehe 17 Januari 2002, ikarudia tarehe 22 Mei 2021. Kwa familia iliyopoteza nyumba, kipande kilichochongwa katika jiwe la kiwanja chake ni ukumbusho. Mkufu ukikatika njiani, hakipatikani kingine.

Jiwe hili jeusi lina vitundu vingi na linakwaruza. Kamba ikipita moja kwa moja ndani ya tundu lake, inasagika polepole. Njo maana utie kwanza pete ndogo ya chuma, iliyofungwa bila kuacha nafasi, halafu mkufu upite ndani ya pete. Angalia kama kifungio nacho kinapita.

Jiwe zito halitaki mkufu mwembamba. Kwa urefu, funga jiwe kwenye uzi, livae mbele ya kioo, kisha pima uzi. Sentimita 45 hukaa karibu na mitulinga. 60 hushuka kifuani.

Kama shingo inawasha, huenda ni nikeli iliyo ndani ya chuma: chukua kamba ya ngozi ao ya pamba. Na mtoto mdogo asilale na mkufu shingoni.